Wimbo wa Kutazamwa

Nina duka dogo la fotokopi mjini Malindi, na lugha ya ishara nilijifunza humo humo, nimesimama nyuma ya meza. Shule niliiacha darasa la nane. Nilichokijua baada ya hapo nimejifundisha mwenyewe kwa njia moja tu: nachukua daftari, nalipiga mistari, naligawa jambo vipande, na kila kipande nakiandika kwenye safu yake. Ishara nazo niliziandika hivyo. Safu ya kwanza umbo la mkono, ya pili mahali mkono unapokaa, ya tatu mwendo wake, ya nne uso unafanya nini.

Aliyenifundisha ni mshonaji wa Mambrui, mwanamke mwenzangu wa rika langu, kiziwi tangu utotoni. Alikuwa akija dukani kutoa nakala za michoro ya nguo. Mwanzo tulikuwa tukiandikiana kwenye karatasi zilizoharibika. Siku moja alichoka kuandika, akanishika kidole, akakikunja vile alivyotaka kikunjwe. Miaka tisa imepita tangu hapo. Nikikosea ishara hanirekebishi; ananitazama tu, bila kupepesa, mpaka kosa nilione mwenyewe. Maneno yake nitakayoyaandika hapa aliyasema yote kwa mikono. Kiswahili nilichoyavika ni changu.

Baada ya muda watu walianza kuniita nikalimani kwenye mikutano, kwenye mihadhara, na mwisho kwenye harusi. Hotuba niliziweza. Nyimbo zilinishinda, na kwa muda mrefu sikujua kama zimenishinda, kwa sababu watu wenye masikio walikuwa wakinisifu. Mkalimani hana budi asikie kwanza ndipo mikono yake iseme, kwa hiyo daima nilikuwa nyuma ya mwimbaji kwa nusu mstari. Ukumbi ukicheka, viziwi wanacheka pumzi mbili baadaye. Kwenye harusi moja ya Watamu, tulipokuwa tunanawa mikono baada ya kula, mshonaji aliniuliza:

"Unajua kwamba mimi nacheka wa mwisho tangu nizaliwe?"

"Nitajitahidi niwe mwepesi."

"Sikulaumu kwa uzito. Unaniletea maneno ya muziki, na muziki wenyewe unauacha kule kwenye spika."

Nilirudi nyumbani nikayaandika hayo, lakini sikuona safu ya kuyatia.

Mwaka uliopita binti wa kaka yake mshonaji alichumbiwa. Katika ukoo wao, siku ya kupamba, bibi harusi akishatolewa mbele ya wanawake, shangazi yake husimama mbele yake na kumwimbia wimbo alioutunga mwenyewe. Mshonaji ndiye dada pekee wa baba wa msichana. Jamaa walikuwa wamekwisha amua, bila kumuuliza, kwamba binamu yake mmoja mwenye sauti nzuri ataimba kwa niaba yake. Alipojua alikwenda kwa kaka yake, akapiga meza kwa kiganja, akamwonyesha kifua chake: shangazi ni mimi. Wakamwachia.

Alitunga kwa miezi miwili. Siku moja alinifungia mlango wa chumba chake cha kushonea, akavua viatu, akanionyesha. Ngoma yeye huisikia kwa nyayo, kwa hiyo alikuwa anajipigia mwenyewe kwa kukanyaga sakafu. Beti ya kwanza mikono yote ilikuwa ngumi: anafua nepi, anatwanga, anabisha mlango, anazungusha cherehani, anamshika mtoto anayejifunza kutembea. Ngumi haikufunguka hata mara moja. Kisha mguu ukapiga mara mbili na beti ya pili ikaanza, na sasa vyote vilikuwa viganja wazi: ananawisha uso, anamfunika mtoto, ananyoosha kitambaa, anamshikia msichana kioo. Nilikuwa na daftari mapajani. Nilipojaza safu ya kwanza nikakuta nimeandika neno moja toka juu mpaka chini, ngumi, ngumi, ngumi, na ukurasa wa pili kiganja, kiganja. Vina vya wimbo wake vilikuwa vidoleni.

Nilijaribu kuuandika kwa Kiswahili. Ukatoka hivi: nilifua, nilitwanga, nilibisha mlango. Ikawa orodha ya kazi za nyumbani. Niliichana karatasi ile.

Tatizo lilikuwa macho. Kwao, bibi harusi aliyepambwa huketi kwenye kiti chake ameinamisha macho mpaka shughuli iishe. Akiyainua, wanawake watasema kwa mwezi mzima kwamba mtoto yule hana haya. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wa jambo hilo, kwa sababu wimbo wa shangazi siku zote ulikuwa wa kusikilizwa. Mshonaji alikwenda kwa msichana faraghani, akamweleza kwa zile ishara chache za nyumbani walizonazo, na msichana akamkubalia: shangazi akisimama, atayainua macho na atamtazama mpaka mwisho. Wasijue mama wala somo wake, yule mama mtu mzima anayemfunda na anayekaa nyuma ya kiti chake siku hiyo.

Kisha mshonaji akanigeukia mimi.

"Siku hiyo usiuseme wimbo wangu kwa mdomo. Hata neno moja."

"Wageni hawataelewa."

"Wageni shauri yao. Ukisema, mtoto hatakuwa na haja ya kutazama. Atainamisha macho asikilize, na mimi nitakuwa nauchezea utosi wake."

Nilimwahidi. Nilimwahidi kwa ishara, mbele ya uso wake, na ahadi ya namna hiyo huwezi baadaye kudai kwamba haikusikika vizuri.

Siku tatu baadaye mama wa bibi harusi, wifi yake mshonaji, alikuja dukani. Alikuja na halua na furaha tele.

"Shoga, nyimbo zote umfasirie wifi yangu, asikae kama mgeni kwenye harusi yake. Na akisimama yeye, wewe utatusemea."

"Pengine ni bora watu watazame tu."

"Watazame nini? Wanawake mia mbili, wote wamekodoa macho kama samaki changu sokoni! Hebu niondolee balaa. Watasema nimemleta bubu kutufanyia vituko."

"Si bubu, ni kiziwi."

"Basi ndiyo, kiziwi, usinipige darasa leo. Utasema?"

Nimeipitia dakika ile mara nyingi. Kama ningekataa, angeniuliza kwa nini. Jibu la kweli lilikuwa macho ya binti yake, na siri ile haikuwa yangu. Angeijua, angeizuia. Kumrudia mshonaji nimweleze alichotaka wifi yake kulikuwa ni kuwagombanisha wiki mbili kabla ya harusi, na katika ugomvi huo siri ingetoka vile vile. Nikasema "haya". Alinibusu shavuni akaenda zake.

Nilijipangia kama ninavyojipangia kila kitu. Wimbo ulikuwa wa dakika tatu. Mimi nitasimama upande wa kushoto wa jukwaa, mbali na kipaza sauti. Mpaka mtu akumbuke kuuliza na mpaka kipaza sauti kinifikie, dakika tatu zitakuwa zimekwisha. Niliandika hivyo na kupiga mstari chini yake. Watu wawili walikuwa na neno langu na kila mmoja alikuwa na neno tofauti, na mimi nilikuwa nahesabu dakika.

Shughuli ilikuwa baada ya alasiri, katika ukumbi wa kukodi, wanawake watupu. Simu zilikusanywa mlangoni kwenye kapu. Sakafu yote ilitandikwa zulia. Kikundi cha wapigaji kilitoka Malindi, kina mama watupu nao, na mimi niliwekwa jukwaani pamoja nao. Nilivaa gauni jeusi lisilo na urembo wowote, maana mikono inahitaji nyuma yake pasiwe na kitu. Chini yangu, mstari wa mbele, alikaa mshonaji na rafiki zake wawili viziwi. Bibi harusi alikuwa kwenye kiti chake cha mapambo, pembeni kidogo, kimya kama picha, macho chini.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili pia. Kwenye wa tatu, mama mmoja mnene alikuja anacheza kutoka katikati ya ukumbi, akapita mbele ya mwimbaji, akasimama mbele yangu. Alinitazama mikono kwa furaha kabisa. Kisha akavua leso yake mabegani, akanifunika nayo, akaifunga fundo chini ya kidevu changu. Vigelegele vikapasua ukumbi.

Yeyote wa pwani anajua hiyo ni heshima gani. Mwimbaji aliyewagusa watu hutuzwa hivyo. Lakini mimi sikuwa nimeimba kitu, na walionituza hawakuelewa hata ishara moja kati ya nilizofanya. Walikuwa wanatuza mikono inayopepea. Wa pili akaja, kisha wa tatu. Leso ya tatu ilinishuka mpaka viwiko. Kuivua mbele ya aliyekuvisha ni kumtukana hadharani, basi nikaendelea kufasiri kwa mikono inayotokea kiunoni tu, ishara ndogo ndogo, kama mtu anayeshona chini ya meza.

"Hatuoni!" alisema mmoja wa wale viziwi wawili. "Inua mikono!"

"Siwezi."

"Umekuwa furushi," alisema mwenzake. "Harusi ikiisha tukubebe kichwani tukakuuze."

Walicheka wote watatu. Mimi nilijaribu kucheka. Leso ya nne ilikuja, na aliyeileta akafunga fundo nyuma ya mgongo, akakaza vizuri ili isidondoke. Nakumbuka joto lake, na harufu ya udi ya watu wanne tofauti. Nakumbuka nilijaribu kugusa pua yangu na mkono haukufika.

Ndipo ikatangazwa zamu ya shangazi.

Mshonaji aliinuka. Alivua viatu, akakunja pembe ya zulia mbele ya kiti cha bibi harusi mpaka sementi ikaonekana, akasimama juu yake. Wengine walinong'ona. Alimwashiria mpigaji wa msondo, ile ngoma kubwa, kwa kidole kimoja. Ngoma ikapigwa peke yake, polepole, na yeye akangoja mpaka imfikie miguuni.

Kisha akaanza, na bibi harusi akayainua macho.

Niliyaona. Yalikuwa na wanja mwingi na yalikuwa na hofu, lakini yaliinuka na kusimama usoni mwa shangazi yake. Somo wake alimgusa bega. Msichana hakutikisika. Ngumi zilifua, zilitwanga, zilibisha, na ukumbi ulinyamaza. Nadhani kwa nusu dakika wanawake wote mle ndani walikuwa viziwi pamoja naye, na hakuna aliyekuwa nyuma ya mwenzake hata kwa pumzi moja.

Halafu sauti moja ikatoka nyuma. "Anasema nini?"

Nyingine ikaniita mimi. "Mwalimu, tuambie nasi!"

"Tunakaa gizani huku!"

Mama wa bibi harusi alikuwa karibu kuliko nilivyopanga. Alichukua kipaza sauti mkononi mwa mwimbaji, akapanda ngazi mbili za jukwaa, akakiweka mdomoni mwangu. Nilitikisa kichwa.

"Sema shoga, watu wanangoja."

"Ngoja amalize."

Neno hilo lenyewe lilitoka kwenye spika. Watu wakacheka.

"Uliniambia utasema," alinong'ona, na macho yake yalianza kujaa. Aliaibika mbele ya wageni wake, na mimi ndiye niliyemwitikia "haya". Nyuma yake zilipigwa kelele tena. Mshonaji alikuwa anaingia beti ya pili, ngumi zinafunguka. Ningekuwa na mikono, ningemwambia mama yule kwa mkono aondoke, ningewaonyesha wageni watazame kule. Sikuwa na kitu kilichokuwa huru ila ulimi.

Nikasema. "Anasema alimwosha uso alipokuwa mchanga. Alimfunika."

"Masikini!" alisema mtu. "Masikini, kumbe ana moyo!"

Vichwa mia mbili vilinigeukia. Hilo pengine mshonaji angelivumilia. Alikwisha sema wageni shauri yao. Lakini bibi harusi naye alisikia. Maneno yalikuwa yamemfikia masikioni, sasa hakukuwa tena na sababu ya kuvumilia ule mkono wa somo begani mwake. Macho yake yakashuka taratibu, yakarudi mapajani, mahali palipostahili.

Mshonaji alikuwa anamshikia kioo. Viganja viwili vilikuwa hewani mbele ya uso wa mtoto aliyekuwa anatazama magoti yake. Alibaki hivyo mapigo mawili ya ngoma. Kisha akageuka, akafuata vichwa vya watu vilikoelekea, akaona kipaza sauti. Aliniuliza kwa mkono mmoja:

"Umesema?"

Nilijaribu kuinua mkono nimjibu. Leso zilivutana mgongoni. Nikaitikia kwa kichwa.

Alivaa viatu vyake. Aliikunjua pembe ya zulia, akailainisha kwa mguu, akarudi kukaa. Msondo uliendelea kidogo peke yake, haukuambiwa. Wageni walidhani wimbo umekwisha. Mmoja alikuwa ameona mahali, labda kwenye televisheni, jinsi viziwi wanavyopigiana makofi, mikono juu, viganja vinatikisika, na akawaonyesha wenzake. Ukumbi mzima ukainua mikono. Walitikisa viganja kwa moyo safi kabisa, na karibu wote walikuwa wamenielekea mimi.

Nilimaliza nyimbo zilizobaki. Zilikuwa saba. Mshonaji hakutazama hata moja. Aliangalia mikono yake mwenyewe, na rafiki zake walimtazama yeye.

Hakuja dukani wiki ile. Nilimwandikia ujumbe mrefu kwenye simu, nikaeleza yote kwa mpangilio: mama alisema nini, nilijibu nini, kwa nini. Hakujibu. Nilipousoma tena niliona kwamba kila sentensi ilikuwa ya kweli, na kwamba hakuna hata moja iliyobadilisha kitu. Bibi harusi hutolewa mara moja.

Fungate ilipokwisha nilipata ujumbe wake. "Njoo Mambrui kesho saa nne. Usije kufanya kazi."

Nilichukua tuktuk, nikavuka daraja la Sabaki, nikafika kabla ya saa. Alinifungulia mlango yeye mwenyewe. Hakunikumbatia wala hakununa. Alinionyesha kiti ukumbini mwa nyumba, kando ya wifi yake aliyekuwa anakaanga kaimati kwenye jiko la gesi, akaniambia, "Kaa hapo." Bibi harusi alitoka chumbani na leso kichwani, akanipa shikamoo, uso hauna rangi yoyote, msichana tu wa nyumbani. Shangazi alimshika mkono akamwingiza chumba cha kushonea. Mlango ukafungwa.

Baada ya kitambo tukasikia miguu kwenye sementi.

Mama wa bibi harusi alizima jiko. "Anasema nini?"

"Sijui, dada."

"Si unasikia?"

"Nasikia miguu tu."

"Basi chungulia. Mlango hauna komeo."

Sikuinuka. Yeye pia, aliponitazama, hakuinuka. Beti ya kwanza niliifuata kichwani kwa mapigo: hapa anafua, hapa anatwanga. Nilijua mahali mguu unapopiga mara mbili. Niliifuata na ya pili, mpaka pale kwenye kioo. Hapo miguu ikanyamaza.

Ilinyamaza muda mrefu. Nilifikiri ameacha tena. Kisha ikaanza upya kwa hesabu nyingine kabisa, ya haraka, isiyo sawa, ambayo siku ile ya mazoezi hakunionyesha. Ilikuwa beti ya tatu. Sikuwa na umbo la mkono wala mahali wala uso, nilikuwa na mapigo tu, nikayasikiliza kwa nguvu zangu zote na hayakuniambia kitu. Ndani, msichana alicheka kwa sauti, akakatisha, akacheka tena.

"Anacheka nini?" aliuliza mama yake.

"Sijui."

"Kumbe na wewe hujui."

"Sijui."

Alisogeza sahani ya kaimati katikati yetu, na sote wawili tukakaa tunautazama mlango.